Macho ya Mama Mkwe na Taa Nilizofunga Mwenyewe

Mshauri wangu mpendwa,

Naomba unisaidie, na unisaidie kabla ya Jumamosi, maana Jumamosi wifi yangu anakuja na gari kuchukua cherehani ya mama yake, na cherehani ile ikishatoka mlangoni mimi sitakuwa na pa kuuweka uso wangu, kwa sababu mama mkwe anaiacha kazi aliyoifanya tangu usichana wake akiamini kwamba anapofuka, na ukweli ni kwamba macho yake ni mazima kuliko yangu na yako, kinachofifia ni taa, na taa nimezifunga mimi.

Nianze mwanzo usije ukanihukumu nusu nusu. Mimi ni mwanamke na ni fundi umeme, tena si wa kubadilisha balbu, nafunga ile mifumo ya kisasa, taa zinazowaka mtu akiingia na kuzimika akitoka, taa unazozipunguza kwa kugusa simu, nimefunga maofisini, nimefunga hotelini, na hakuna mteja aliyewahi kuniita nirudie kazi. Mume wangu ananisifia mpaka kwa watu asiowajua. Shida ni mama yake, ambaye ni fundi cherehani wa kupigiwa mfano, mabibi harusi wanamsubiri kwa zamu, lakini tangu niingie nyumba ile hakuwahi kuniita jina langu wala kuniita mwanangu, mimi kwake nilikuwa "yule wa ngazi", nikirudi kazini utasikia, "Yule wa ngazi kafika? Mwambieni anawe mikono kabla hajasogelea vitambaa vyangu."

Basi tulipomjengea chumba cha kushonea huko nyuma, ukishalipita jiko, nikasema hapa ndipo nitakapomnyamazisha kwa kazi, nikafunga taa za nyumba nzima upya, adapta moja kubwa, kile kisanduku kinachozigawia taa umeme wake mdogo, nikaiweka kabatini karibu na mlango wa mbele, nikavuta waya mnene mpaka sebuleni, na hapo hapo waya ukaniishia, duka limeshafungwa, na mama mkwe amesimama chini ya ngazi yangu amekunja mikono. "Bado tu?" anauliza. "Fundi mwanaume angekuwa ameshakunywa chai yake na kuondoka."

Mshauri, hasira hasara. Nilikuwa nimeshapitisha kebo ya mtandao kwenda vyumba vya nyuma, ile inayopeleka amri kutoka kwenye swichi hadi kwenye taa, waka, zima, fifia, na ndani yake zilikuwemo nyuzi nyembamba zimekaa bure, nikazichukua zile nyuzi nikazibebesha umeme wenyewe, wa korido, wa jiko, na mwisho wa safari wa chumba cha kushonea, yaani nimempa tarishi gunia la mchele. Nilijua ninachofanya. Nilijiambia nitarekebisha wiki inayofuata, nikabonyeza swichi, taa zikawaka zote, mama mkwe akasema "Mh," akaenda zake.

Kilichotokea baadaye kila fundi angekitabiri. Mchana chumba kile hakina neno, kuna dirisha, lakini jioni taa za jiko zikiwashwa, taa ya mwisho kwenye mstari inapata umeme wa makombo, na pale koridoni nimeweka kile kifaa kinachowasha taa kikiona mtu anapita, kwa hiyo kila mtu akienda chooni chumba cha mama kinafifia, akirudi mwanga unarudi, na kwa kuwa mimi napenda taa zisigutuke nimezipanga zipande na kushuka polepole, huoni zinavyoshuka, unajikuta tu hutofautishi uzi mweusi na wa buluu.

Jioni moja nikasikia sauti, "Hebu njoo hapa, mwanangu." Nikageuka nyuma nione ni nani anayeitwa.

"Abee, mama."

"Funga mlango. Usimwambie mumeo. Macho yananiacha. Yanakuja yanaondoka, sasa hivi nashona vizuri, mara giza, nikitulia kidogo yanarudi." Wakati huo huo mume wangu akakatiza koridoni kwenda kujisaidia, taa ikashuka, na mama akanishika mkono kwa nguvu. "Umeona? Hilo hapo, limekuja!"

Nikafungua mdomo niseme. Wallahi nilifungua mdomo. Lakini kabla sijasema yeye akasema, "Na taa zako ni nzuri, nisikufiche, hata wenzangu wamezisifia. Kosa ni la uzee wangu." Ndiyo sifa ya kwanza kunipa tangu niolewe, na mdomo ukajifunga wenyewe.

Tangu hapo kila jioni naitwa chumbani kumtia uzi kwenye sindano, nakaa kwenye kigoda, ananifundisha kukata kola, ananihadithia jinsi mama mkwe wake yeye alivyokuwa hamruhusu hata kugusa kifuniko cha sufuria, tunacheka mpaka mume wangu anabisha mlango kuuliza kama chakula kitapikwa au vipi. Amenishonea ovaroli ya kazi, mshauri, imenikaa sawasawa, ina mfuko wa bisibisi na mfuko wa koleo na ndani ya kola ametia kitambaa laini ili shingo isinichubuke. Nililia. Mama yangu mzazi alifariki nikiwa mdogo, sikujua mtu mzima anaweza kukaa na wewe hivyo bila kukutuma kitu.

Ningeishia kukaa kimya tu pengine ningesamehewa, lakini mimi sikukaa kimya. Alinunua dawa ya macho ya matone, na siku ya kwanza kuitia nilimwonea huruma, nikashika simu yangu chini ya kitambaa nikazima taa za jiko na korido ili chumba chake kipate mwanga, na mama akaruka, "Dawa inafanya kazi!" Ikawa ndiyo mchezo wetu, akitia matone nazima jiko. Mume wangu ameshaungua kidole akikaanga mayai gizani, ananiambia mfumo wangu una kasoro, namjibu ni mtandao unasumbua. Na mama ameipigia debe dawa ile kikundi kizima cha wanawake wenzake, sasa wote wanatia matone.

Daktari alimpima kwenye chumba cheupe kama mchana akamwambia macho hayana tatizo lolote. Mama hakumwamini. Njiani akaniambia, "Ugonjwa ambao daktari hauoni ndio mbaya zaidi," na usiku huo akampigia wifi aje achukue cherehani, wifi ambaye hajui hata kurudishia kifungo. Tangu aseme hivyo hashoni. Anakaa pembeni ya ile cherehani anaipangusa vumbi ambalo halipo.

Sasa swali langu. Ijumaa asubuhi ana mkutano wa kikundi, nyumba itakuwa tupu, naweza kuvuta waya mnene kimya kimya, arudi akute mwanga umetulia, aamini amepona, abaki na cherehani yake na mimi nibaki na mama yangu, hakuna aliyeumia. Au ni lazima niseme? Nikisema nitarudi kuwa yule wa ngazi, na safari hii nitakuwa nimestahili. Nakuomba usinipe jibu la kunifurahisha, ingawa likitokea la kunifurahisha sitalikataa.

Ni mimi,
Yule wa Ngazi

*

Yule wa Ngazi,

Barua yako nimeitoa nyuma ya foleni nikaileta mbele kwa sababu ya hiyo Jumamosi, na wanaosubiri wanisamehe. Nimecheka. Mwenzangu wa meza ya pili amenyanyuka kuja kuuliza kuna nini. Macho ya mama wa watu yanafuata kibofu cha mwanawe, na wewe fundi mzima umekaa kwenye kigoda unayaangalia yanavyokuja na kuondoka! Haya, nimemaliza kucheka, sasa nisikilize.

Mimi umeme siujui, kwa hiyo nilimsomea barua yako fundi anayetunza taa za jengo letu, bila kumwambia imetoka wapi. Alicheka kuliko mimi. Alipofika kwenye zile nyuzi nyembamba akaacha kucheka, akaniuliza, "Huyo dada ameigusa hiyo kebo jioni? Ina joto kiasi gani?" Nikamwambia hajasema. Akauliza chumbani kuna nini. Nikamjibu vitambaa, pamba, shela za maharusi. Akatikisa kichwa akarudi kwenye kazi yake. Umenielewa? Umekaa miezi unahangaikia kama mama mkwe atakupenda, na juu ya kichwa chake umemwachia kitu kinachoweza kuwaka moto. Barua nzima umeandika mwanga, mwanga, mwanga. Joto hukulitaja hata mara moja, na wewe ndiye uliyelisomea. Leo hii hii, ukimaliza kusoma barua yote, nenda kabatini ukakate umeme wa vyumba vya nyuma. Mwekee mama taa ya kawaida ya mezani, ya kuchomeka ukutani. Ijumaa usiingoje.

Na huo mpango wako wa Ijumaa nimeukataa. Unajua kwa nini unaupenda? Kwa sababu ndani yake wewe huonekani. Mama atapona, dawa ya matone itapewa sifa, na wale wenzake wataendelea kuitegemea. Kati yao akitokea mmoja ambaye macho yake kweli yanakufa, atatia matone akisubiri muujiza wa jirani yake badala ya kwenda hospitali. Huyo utamwambia nini, ni mtandao unasumbua? Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu, na yako imeshafika jikoni imemuunguza mumeo kidole.

Kwa hiyo utasema, na utasema ukiwa chumbani kwake. Usianze na machozi. Machozi yako yatamfanya akubembeleze wewe wakati mwenye haki ya kubembelezwa ni yeye. Leo hiyo hiyo, dakika chache kabla hujakata umeme, mkalishe kwenye kiti chake, mpe ile simu yako mkononi, mwambie, "Mama, zima jiko." Azime mwenyewe aone taa yake inapanda. "Washa." Aone inashuka. Mara mbili zinamtosha, huyo mama si mjinga. Kisha mwambie kwa kifupi: waya uliniishia, nikaweka usiofaa, nikaona aibu, halafu nikaona raha. Hayo maneno manne yote yatoke, na hilo la mwisho usilimeze, maana ndilo zito. Mficha uchi hazai.

Usimwambie kwamba alikuharakisha akiwa chini ya ngazi. Najua alikuharakisha. Waya aliufunga nani?

Mueleze kifundi, atakuelewa. Mtu aliyeshona miaka yote hiyo anajua maana ya kuishiwa uzi imara ukamalizia mshono kwa uzi wa kutia nakshi, ukajiambia mteja hataona. Na yeye mshono wa namna hiyo huwa anaufumua mbele ya mwenye nguo. Mwombe akushikie tochi wakati unavuta waya mpya kutoka kwenye adapta moja kwa moja hadi chumbani kwake, au mwekee adapta yake mwenyewe humo humo, utajua wewe lipi linafaa. Ile kebo nyembamba irudi kupeleka amri peke yake. Mumeo aombwe radhi siku hiyo hiyo, kwa kidole na kwa uongo, na wifi apigiwe simu na mama mwenyewe, wewe usimsemee. Kikundini mtaenda wawili. Atakayesema habari ya matone ni wewe, na wakikuzomea, simama hapo mpaka wamalize.

Sasa nije kwenye hofu yako, maana sina moyo wa jiwe. Unaogopa kwamba mwanga ukirudi utampoteza mama. Mimi nimesoma barua yako mara tatu, na kuna kitu hukukiona. Mtu anayeona giza haoni kola. Ile ovaroli yenye mfuko wa bisibisi aliikata na kuishona mchana, dirishani, macho yake yakiona vizuri kabisa, wakati hakuhitaji mtu wa kumtia uzi. Mchana ule hakuna taa iliyomdanganya, na wewe hukuwepo hata nyumbani. Alikuwa anaiwaza tu shingo yako isichubuke.

Atakasirika. Asipokasirika nitamshangaa. Pengine ataikunja ile ovaroli akuwekee mlangoni, pengine atakuita yule wa ngazi mbele ya wageni kwa muda. Itika. Usimnunulie zawadi, usimtumie mwanawe akuombee, usijipikishe vyakula vya kujipendekeza. Mwache agombane nawe akiwa kwenye cherehani yake, anashona, anaona kila tundu la sindano na kila kosa lako.

Na jioni ikifika, ingia uketi kwenye kigoda bila kuitwa. Akikuuliza umefuata nini, mwambie hujafuata kitu.