Ndimu ya Saidi

Marahaba, mjukuu wangu Zuhura. Huku Temeke tupo. Magoti ya bibi yako yanamsumbua, na paka wako amezaa tena.

Unauliza kama ufanye mazoezi ilhali mkono unauma baada ya chanjo ya mafua. Tembea taratibu, uzungushe huo mkono. Siku mbili tatu utapoa.

Enzi za Mwingereza tulichanjwa ndui shuleni. Kaka yangu Saidi alikuwa na mashindano ya mbio wiki ile, basi akajificha nyuma ya darasa akaisugua chanjo kwa ndimu ili isishike.

"Mkono ukivimba nitakimbiaje?" aliniambia. "Wako kazi yake kufunua vitabu tu. Na ole wako umwambie mwalimu!"

Nilikuwa na haya, sikusema. Mkono wangu ulivimba, nikawa naunyoosha kwenye mazoezi ya asubuhi huku machozi yananilenga. Saidi alishinda mbio.

Ndui ilipoingia mtaani kwetu, mimi haikunigusa. Saidi tulimzika kabla ya Ramadhani.

Kovu langu lingalipo. Ndiyo maana niliposoma kwamba mkono wako unauma, nilishukuru.

Babu yako