Onyesho la Mwisho la Tamthilia Yako

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umekaa dirishani, miwani puani, ukimsahihisha mtangazaji wa redio Kiswahili chake. Goti linasemaje? Mdogo wangu ananiambia siku hizi unapanda ngazi bila kushika ukuta, nami najua anatia chumvi ili nisije mbio. Mimi ni mzima kabisa, ila juzi sauti ilinikatika darasani, na hilo nitakueleza.

Katika barua yako uliniuliza jambo moja tu: kama tamthilia yako itabaki. Naiita yako ingawa hukuiandika, maana uliifundisha miaka ishirini na miwili, kisha ukaniachia daftari lako la maelezo nilipoajiriwa. Mwaka huu tulitakiwa kuchagua upya tamthilia moja ya kisasa ya kidato cha tatu, na ikishachaguliwa haiguswi kwa miaka mitano. Uliandika kwamba ikiondolewa utajiona umestaafishwa mara ya pili. Uliliweka kama utani, lakini mimi ni mwanao, utani wako naujua.

Mpinzani wangu alikuwa mwalimu mgeni wa idara yetu, kijana mwembamba anayefundisha huku anatembea. Alileta tamthilia mpya ambayo yote inatokea ndani ya lifti iliyokwama, bosi na mfagizi na karani wamebanana humo hadi siri za ofisi zinamwagika. Nilijitia kuidharau. Nikaazima nakala niisome kidogo wakati wa mapumziko, na kengele ya kipindi ikanipita nimekaa vilevile. Baba, ni nzuri. Nakwambia ukweli, mfagizi wa mle ndani ana maneno.

Mkuu wa idara yetu wanafunzi wamempa jina la Bi Mizani, na walimu tumelichukua. Ungempenda. Ana njia yake ya kuchagua vitabu ambayo sijaiona kwingine: hataki hoja wala ripoti. Kila mwalimu anasimama mbele ya darasa lenyewe litakalosoma, anasoma kwa sauti onyesho la mwisho la tamthilia anayoitetea, bila kueleza kitu, kisha wanafunzi wananyoosha mikono. Anasema onyesho la kwanza linaweza kumvutia yeyote. Yeye anataka kujua kama mwalimu anaweza kusimama na mwisho wa kitabu chake. Aliponieleza hivyo nilicheka, lakini kijasho kilianza kunitoka, na sababu yake nitaikiri hapa chini.

Siku yenyewe tulihamisha madawati yakawa nusu duara. Wanafunzi arobaini na mmoja, madirisha yote wazi. Kijana alianza. Alisoma sauti tano tofauti, akajibana kwenye kona ya ubao kana kwamba kweli yuko ndani ya lifti, na darasa likacheka hadi mwalimu wa jirani akachungulia. Nilimpigia makofi kwa moyo mmoja. Halafu nikaitwa mimi.

Unaijua ile tamthilia kuliko mimi, sina haja ya kukusimulia. Familia moja, meza moja, mama anayezidi kunyamaza. Nikafungua onyesho la mwisho, nikaanza kusoma. Mama anatoka chumbani na mfuko. Baba wa watoto hamfuati. Anasubiri mlango ufungwe, anavuta kiti, anawauliza watoto wamefika swali la ngapi katika hesabu zao. Hapo, baba, sauti yangu ilikatika. Nikatazama maandishi nisiyaone. Msichana mmoja wa mstari wa mbele, ambaye kwa kawaida hata jina lake hulitaja kwa kunong'ona, akainuka na kitabu chake akaendelea pale nilipoishia. Akasoma maneno ya yule baba taratibu, bila kuyalilia, mpaka pazia likafungwa. Sijawahi kusikia mwanafunzi akisoma vile. Bi Mizani alivua miwani akaifuta, kisha akamwambia kwamba ametufundisha sote.

Mikono ilipohesabiwa, tamthilia yako ilipata ishirini na tisa. Imebaki, baba. Kijana alikuja kunipa mkono, akasema hata yeye angeinyooshea mkono, na kwamba ile ya lifti ataifanyia igizo la kufunga muhula.

Sasa nikiri. Nimeifundisha tamthilia hii miaka saba, na siku ile ndipo niliposoma onyesho lake la mwisho kwa mara ya kwanza. Nilikuwa nafundisha daftari lako, si kitabu. Na daftari lako, lenye kurasa nne kuhusu onyesho la kwanza na rangi tatu za wino, likifika onyesho la mwisho lina mstari mmoja tu: wasome wenyewe nyumbani. Basi nami mwaka hata mwaka nikawaambia wasome wenyewe nyumbani. Waliponiuliza maswali niliwarudishia kama zoezi, na majibu nikasahihisha kwa karatasi ya mwongozo. Mwaka wa kwanza nilisema nitasoma likizo. Baadaye niliona haya hata kukiri moyoni, na hata Bi Mizani aliponieleza njia yake sikuthubutu kulifungua kabla ya siku yenyewe. Nisamehe kwa hilo, maana wewe hukunilea nifanye kazi ya kulipua.

Lakini sasa najua kwa nini hukulifundisha. Mama alipoondoka nilikuwa na miaka tisa. Nakumbuka ulikuja sebuleni, ukachukua sare zetu za shule, ukazipiga pasi zote, moja baada ya nyingine, ilhali shule zilikuwa zimefungwa. Uliniuliza kama nataka marinda ya sketi yawe mapana au membamba. Kwa miaka mingi, baba, nilikuwekea kinyongo kwa swali lile. Niliamini hukuumia. Hukumwita, hukulia, ulikazana na marinda. Hili sijamwambia mtu, hata mdogo wangu.

Siku ile nilisimama mbele ya watoto arobaini na mmoja nikaelewa kwamba ulikuwa unatushikilia sisi wawili kwa chochote kilichokuwa mkononi. Na miaka ishirini na miwili ukaingia darasani ukifundisha kitabu kinachoelekea kwenye siku ile, ukisimama hatua moja kabla ya kufika. Sina kinyongo tena. Nina heshima ambayo nilipaswa kuwa nayo zamani, na ninakupenda.

Wiki ijayo, Alhamisi kipindi cha tatu, nitalifundisha onyesho hilo darasani, lote, kwa maneno yangu. Ukiweza, njoo. Nitakuwekea kiti nyuma, karibu na mlango, na hakuna atakayekuuliza kitu. Usipoweza, pia nitaelewa, nitalifundisha mwenyewe.

Nisalimie mdogo wangu na mkewe, mwambie aache kunidanganya kuhusu ngazi. Shangazi naye niamkie. Kunywa dawa zako hata siku ambazo goti limetulia.

Ni mimi binti yako,
Mwalimu wa kidato cha tatu