Maziwa ya Mama Hayakuwa na Sumu

Kawe, Dar es Salaam
Jumapili mchana

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mguu unaokusumbua wakati wa mvua umepata nafuu, na yule mbuzi mkorofi ameshauzwa au ameshaliwa. Huku joto linatupika, lakini tunaamka. Najua utashangaa kuletewa barua wakati tunaongea kwa simu kila wiki. Simu yako unaiweka spika, Mama, na jirani yako akisikia jambo asubuhi, mchana liko sokoni Tukuyu. Haya nataka uyasome mwenyewe kwanza.

Shangazi Sekela yupo nyumbani kwangu. Usiitupe barua. Analala chumba cha wageni, anakunywa chai yangu, na kila asubuhi namwamkia kama ulivyonifundisha, ingawa shikamoo yenyewe hunikwama kooni kama mwiba wa samaki.

Amekuja kwa ajili ya bintiye Atupele, yule aliyeolewa Kurasini na wakala wa forodha. Atupele alikuwa na uvimbe kwenye ziwa tangu mwaka jana, akauficha. Aliogopa kanisani wangemwombea kwa sauti na mtaa mzima ungejua. Alipokuja kunionyesha, uvimbe ulikuwa umeshakuwa mgumu na ngozi imevutwa ndani. Nilimpeleka hospitali mwenyewe, wakapima, wakasema ni kansa. Ameanza dawa, nywele zimekatika zote, ila anakula na madaktari wana matumaini. Mumewe, apewe sifa yake, hajamkimbia. Nimemleta Atupele kwangu kwa muda, maana kule Kurasini malori yanapita karibu yaingie dirishani na vumbi halimfai mgonjwa. Mama yake akaja kumuuguza.

Siku aliyofika, kabla hata hajafungua kilemba, aliniuliza kama najua kwamba Atupele alinyonya kwako. Nikadhani anataka kukushukuru. Habari hiyo naijua: alipojifungua homa ilimlaza, maziwa yakakauka, wewe ukamchukua mwanawe, ukawa unamweka yeye ziwa hili na marehemu dada Tumpe ziwa lile. Kumbe shukrani haikuwamo.

"Ndiyo maana," alisema. "Ziwa la mama yako ndilo lililomtia mwanangu haya. Tulisema zamani, hamkusikia."

Mama, nusura nimmwagie chai. Yalikuwa maneno yale yale. Siku tuliyomzika Tumpe, naye kwa uvimbe wa ziwa, alisimama uani kwa baba, mbele ya mchungaji na masufuria ya msiba, akasema mwanao amekufa kwa sababu maziwa yako yana sumu. Baba, Mungu amrehemu, akatazama chini, na mchungaji naye. Hata matanga hayajaanuliwa ukarudishwa kwa mjomba Lugano na sanduku lako moja. Mimi nikabaki kule na sare zangu za shule, nikisikiliza wanavyokutaja.

Watu hupenda kuniuliza kwa nini nilichagua kazi hii ya kufuatilia kansa kwenye familia, kuchukua damu za watu na kutafuta nani karithi nini kwa nani. Huwa nasema ni huruma kwa akina mama. Uongo mtupu. Nilisoma kwa hasira. Kila mtihani nilioufanya nilikuwa namwona shangazi amesimama uani.

Na njiani nilipata maadui wengine. Profesa aliyeongoza utafiti wangu wa kwanza, tulipokuwa tunapita nyumba kwa nyumba Mtoni na Temeke, alitaka tuulize magonjwa ya upande wa mama tu. Nikasema tuulize na kwa baba, kwa sababu mwanaume anaweza kubeba kasoro ya kurithi inayoleta kansa hii maisha yake yote bila kuumwa, akamrithisha binti yake. Akauliza mbele ya watu wote titi la baba linahusu nini na utafiti wetu. Chumba kizima kikacheka. Nikaondolewa nyumba kwa nyumba, nikapewa kazi ya kupanga vichupa vya damu kwenye majokofu. Nilivipanga. Baadaye nikapata utafiti wangu mwenyewe, nikauliza na kwa baba, na nikakuta nyumba baada ya nyumba wanawake waliobebeshwa lawama isiyo yao. Leo profesa huyo anasimama majukwaani anasema "utafiti wetu". Huyo naye zamu yake itafika.

Sasa sikiliza nilivyomfanya shangazi. Katika kazi yetu nimejifunza kwamba mtu akiona kalamu huficha nusu ya ukoo. Kwa hiyo natumia vyombo vya mwenye nyumba. Kikombe ni mwanamke, bilauri ni mwanaume, na aliyeugua uvimbe wa namna hii anageuzwa mdomo chini. Mwenye ukoo anapanga mwenyewe mezani.

Nikamwambia shangazi tupange koo zote mbili, ya kwako na ya kwao, tuone sumu imetoka wapi. Aliinuka haraka, akashika kazi kwa mikono yote miwili. Alianza na ya kwako, akitafuta kwa hamu kikombe cha kugeuza. Bibi, mama yako, alikufa kwa uzee. Mama mkubwa yupo. Mama mdogo yupo na bado anabeba mikungu ya ndizi kichwani. Vikombe vyote vikabaki vimetazama juu. Nikamwambia basi, tuje kwenu.

Mama yake mwenyewe alikufa na kidonda kifuani. Akakigeuza kikombe. Mdogo wake shangazi alivimba tumbo la uzazi mpaka akafa. Nikamweleza kwamba huo nao, kansa ya ovari, ni ugonjwa wa nasaba hiyo hiyo, akakigeuza. Binti wa baba mkubwa wangu. Kisha Tumpe. Mikono ikaanza kwenda polepole. Cha Atupele alikishika tu, akakitazama, hakukiweka mezani. Atupele alikuwa amelala kwenye kochi anaangalia. Sikumsaidia mama yake hata neno moja, na Mungu anisamehe, nilifurahi.

Baada ya hapo alikubali mwenyewe kutoa damu. Majibu yametoka wiki hii. Atupele anayo kasoro. Shangazi anayo pia, ila kwake imelala tu. Na yale mate uliyonitemea kwenye kichupa Pasaka, ukinicheka kwamba usomi umenifikisha pabaya, nayo yamepimwa. Wewe huna, Mama. Hukuwa nayo jana wala juzi. Na hata ungekuwa nayo, maziwa hayapitishi kitu hiki. Mtu huzaliwa nacho, kwa baba yake au kwa mama yake. Tumpe alikipata kwa baba. Mtoto wa Sekela ulimnyonyesha akanenepa, basi.

Jioni ya siku ya majibu shangazi alinifuata jikoni. Sijawahi kumwona mdogo vile.

"Mwanangu, haya yaishie humu ndani," alisema. "Ukoo una mabinti. Wakijulikana, nani atawaoa?"

Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Nikamkumbusha mshenga aliyekuja kuuliza habari zetu nilipotaka kuposwa, na jibu alilompa, kwamba nimenyonya sumu, na namna posa ilivyorudi ilikotoka.

"Utasema, shangazi," nikamwambia. "Uani kwa baba, pale pale uliposimama, kwa mdomo ule ule."

Ninayo sababu ya kitaalamu, usidhani sina. Wale mabinti wasipojua hawatachunguzwa mapema, na wataendelea kufa wakisingizia maziwa ya watu. Lakini sababu yangu ya kwanza si hiyo, na wewe sikudanganyi. Tatizo lilikuwa kwamba majibu ya mtu ni mali yake. Kazi yangu hainiruhusu kutangaza ya Atupele wala ya mama yake. Shangazi alishalijua hilo na akaanza kupumua. Atupele ndiye aliyeikata pumzi hiyo.

"Mama, ya kwangu nimeruhusu," alisema kutoka sebuleni. "Usiposema wewe, nitasema mie, na kipara changu hiki hiki."

Basi amekubali. Watasafiri wote wawili mara Atupele atakapomaliza dozi inayofuata, nami nitakuwa nao. Mjomba akusindikize, na mvae vizuri.

Kuna jambo moja nimelichelewesha. Mimi pia ninayo. Niliipata kwa baba, kama Tumpe. Sijaugua, Mama, soma tena: sijaugua. Lakini nimeamua wanitoe maziwa yote mawili kabla hayajaniletea balaa, na daktari ameshakubali. Nimelia siku nzima, kisha nikapika, nikala. Nilitaka ulisikie kwangu kabla hujalisikia pale uani, maana nami nitasimama niseme langu.

Nisalimie mjomba Lugano na mkewe, wale waliokupokea bila kuuliza. Mama mkubwa na mama mdogo waambie vikombe vyao vilikaa vizuri mezani. Mchungaji wenu mpe salamu, na umwambie safari hii asiinamishe kichwa.

Nakuomba kitu kimoja. Nakujua. Shangazi akimaliza kusema atakutazama, atakuwa analia, na wewe utataka kuinuka umwambie yameisha wifi yangu, umvutie kiti. Usiinuke. Wewe ulitembea na sanduku kichwani mpaka kwa mjomba, na hakuna aliyekuvutia kiti. Ukitaka kumsamehe, msamehe kesho yake. Siku hiyo mwache asimame.

Mwanao uliyemnyonyesha,
Subilaga