Nati ya Bomba la Mafuta

Fundi wangu, Baba Editha,

Shikamoo. Marahaba naiitikia mwenyewe, maana mwaka unaisha tangu presha ikuchukue na bado nikiingia karakana nakuamkia. Wenzangu wananicheka. Wacheke tu.

Nakuandikia kukushukuru, na shukrani yenyewe ina aibu ndani yake, kwa hiyo nivumilie.

Unaikumbuka asubuhi ile pale Rulenge. Nilikuwa juu ya ngazi, nafunga bomba la mafuta kwenye injini ya kindege chetu cha kubeba wagonjwa. Nati nimeikaza kwa vidole tu, spana bado. Wakaingia wazee kutoka Murusagamba, wamekuja kushukuru kwa mgonjwa wao tuliyemsafirisha. Ningewaamkiaje wazee nikiwa juu ya vichwa vyao? Nikashuka. Habari za nyumbani, migomba, maharage, wajukuu, mvua. Niliporudi nikafunika injini nikidhani nimemaliza. Ee Mungu wangu!

Na wewe ukapanda ndege hiyohiyo, pamoja na rubani na muuguzi aliyekuwa anapeleka chanjo Biharamulo. Karibu na Nyarubungo nati ikaachia, mafuta yakamwagikia chuma cha moto, injini ikazima, moto ukawaka. Rubani akaitua kwenye shamba la mihogo. Ulimvuta muuguzi mlangoni huku mikono yako inaungua. Wanakijiji wakaja na majembe, wakauzima moto kwa udongo. Wote watatu mkapona. Asante kwa mikono ile.

Wakaguzi walipouliza nani alifunga bomba, nilifungua mdomo. Ukanitangulia: "Ni mimi." Baadaye ukaniambia, "Mimi nimebakiza miaka miwili nistaafu. Wewe hata hujaanza. Nyamaza ufanye kazi." Wakakunyang'anya leseni. Nami nikanyamaza, mwoga mkubwa mimi, nikaendelea kuvaa ovaroli kama vile hakuna kitu.

Siku hizi mimi ndiye mkuu wa karakana. Nimeweka sheria moja: aliye katikati ya kazi hashuki kusalimia, hata aje nani. Anapaza sauti tu, "Nafunga nati!", na mgeni anasubiri. Wazee wanalalamika eti yule dada amewaharibu mafundi adabu. Ungecheka mpaka ushike mbavu.

Lakini mwezi uliopita nilimwona mtu sokoni akimnyooshea kidole mwanao wa mwisho, akisema: "Baba yake ndiye aliyeunguza ndege." Mtoto akainamisha kichwa, akaenda zake.

Juzi nikaenda kwa mke wako. Nilimkuta anamenya ndizi. Nikamweleza yote. Akamaliza ndizi aliyoishika, kisha akasema, "Mbona umechelewa hivi?" Nililia, Fundi. Akanisogezea kisu kingine, tukamenya mpaka sufuria ikajaa.

Wakaguzi nimeshawaandikia. Wakiitaka leseni yangu waichukue, nitalima maharage. Miaka uliyonipa nimeifanyia kazi vizuri, na kila siku yake nakushukuru.

Pumzika, Baba. Jumapili ni misa yako ya mwaka, na nimeomba nafasi ya kusema neno. Mwanao atakaa benchi la mbele. Nitamwangalia yeye, si watu, nimwambie ndege ile niliiunguza mimi, na baba yake ndiye aliyeungua.