Menyu Inayoelea

2 Machi

Kaka,
Shikamoo. Wifi hajambo? Mimi mzima, ila kazi imenibana. Ile miwani inayomwonyesha mteja kabati ndani ya chumba chake kabla halijatengenezwa, menyu yake nimeimaliza. Inaelea mbele ya macho. Unabana vidole viwili hewani, unachagua mbao. Unabana tena, milango. Lakini mkono ukitetemeka, miwani inachanganyikiwa. Bosi anasema wenye mikono hiyo si wateja wetu. Nimembishia mbele ya wote. Njoo tarehe ishirini uijaribu, aone kwamba ukishindwa wewe, fundi seremala, ubovu ni wa menyu.
Mdogo wako

9 Machi

Mdogo wangu,
Marahaba. Sisi wazima. Wifi yako ndiye anayeniandikia. Siji. Karakana nimeifunga ili watu wasiutazame mkono huu unaotetemeka, wewe unaniitia watazamaji? Hata chai nainywa nimegeukia ukuta. Tafuta mwingine.
Kakako

(Wifi, mimi huyu. Anasema haji, lakini kila siku ananiambia nimsomee tena ujumbe wako.)

13 Machi

Kaka,
Shikamoo. Mnaendeleaje? Nimekusikia, na sikubali. Miwani nimeituma kwa basi. Sasa hubani kitu: weka kiganja juu ya kitufe, subiri kidogo. Hata kikitetemeka, maadamu hakijatoka, kinachagua. Menyu nimeishusha usawa wa kifua, mkono usichoke. Jifungie chumbani, hakuna atakayekuona. Nisipopata wa kumwonyesha bosi, anarudisha ile ya kubana.
Mdogo wako

18 Machi

Kaka,
Shikamoo. Mko salama? Miwani imefika? Keshokutwa nitasimama mbele ya bosi hata peke yangu.
Mdogo wako

19 Machi

Mdogo wangu,
Marahaba. Tu wazima, ila wifi yako ana mbavu zinazouma kwa kucheka, maana jana siku nzima nilikuwa napapasa hewa sebuleni. Nimesimamisha kabati la milango mitatu. Nimefika kwenye vitasa, kiganja kikateleza, kabati lote likapotea! Nani kaweka “Futa” jirani na “Hifadhi”? Hivyo ndivyo nilivyokufundisha kupanga vifaa? Nimekasirika sana, na sijafurahi hivi tangu nifunge karakana.

Kitufe hicho cha “Futa” usikihamishe bado. Bosi wako nitamwonyesha kosa hilo mwenyewe, kwa mkono huuhuu. Nipo kwenye basi na wifi yako. Mkituandalia chai, kikombe changu msikijaze sana, na kiti changu kiwaelekee watu.
Kakako