Ansaldo Alipomtaja Roza

Jumamosi, 2 Mei
Saluni imejaa. Vichwa vitatu tangu asubuhi. Vidole vinasuka, mdomo unasimulia. Wateja hawataki redio tena, wanamtaka Ansaldo.

Ansaldo aliishi kweli, Italia, miaka mia tano nyuma. Msomi. Kitabu kikuukuu nilichonunua hapa Durban, mtaa wa Greyville, kinampa mistari minne tu: alifasiri vitabu vya Kigiriki, akakiri mwenyewe kuwa mtu wa chama cha siri, chama chenyewe hakikupatikana, akafia kifungoni. Mengine yote ni yangu. Nimempa Chama cha Mshumaa, joho jeusi na kiapo. Leo chama kimemdai kafara: ataje jina la mtoto anayempenda. Nilitaka jina upesi. Miguuni pangu mtoto wa mwenzangu wa kiti cha pili alikuwa anachezea vitana. Nikasema: Roza. Saluni nzima ikapiga kelele. Mama Roza mwenyewe alicheka mpaka machozi. Nilijiona bingwa.

Jumanne, 5 Mei
Roza hakuja na mama yake. Nimeuliza. "Iko nyumbani. Homa." Basi. Hata hakuniangalia.

Jumatano, 6 Mei
Kumbe. Wanasema nimemtoa mtoto kafara. Mteja wangu wa Sydenham ndiye aliyeninong'oneza: "Dada, mtu hawezi kujua mambo ya chama namna ile kama hayuko ndani." Eish! Nimecheka. Yeye hakucheka.

Nina hasira. Mimi na Mama Roza tulifika Durban na blanketi moja, tukalala sakafuni pamoja. Leo mimi ndiye mchawi?

Na nina hofu, niseme ukweli. Majina yamejaa duniani, kwa nini lile? Nikiinua macho kwenye kioo namwona Ansaldo nyuma ya mteja, kofia mkononi, anangoja nimalize kusuka.

Alhamisi, 7 Mei
Nimekwenda kwao na machungwa. Mama Roza kasimama mlangoni, hakunipisha. Nilimsikia mtoto akipumua kutoka pale nje. Nikachungulia: mbavu zinaingia ndani. Mdogo wangu alipumua hivyohivyo kwenye kambi ya wakimbizi Kigoma. Tulimzika.

Nikamwambia twende hospitali, taxi ziko pale kwenye robot, penye taa za barabarani. Hataki. Ugonjwa wa kutumwa haupelekwi hospitali, mtoto akichomwa sindano anakufa hapohapo. Kila mtu kwetu anajua hivyo. Mama yangu pia alijua hivyo. Mama Roza akaniambia neno moja tu, bila kupaza sauti: "Aliyefunga ndiye afungue."

Machungwa nimeyaacha kwenye ngazi. Njia nzima nimesikia hatua nyuma yangu. Sikugeuka.

Ijumaa, 8 Mei
Nimefanya.

Asubuhi nimerudi. Sebule imejaa wanawake wa maombi. Nimepiga magoti mbele yao wote. Nikasema ni mimi. Niko wa chama. Nilimtaja Roza na sasa namfungua. Ila kufungua kuna sharti: mtoto avuke mlango wa hospitali kabla ya jua la utosini, na mama yake asikatae sindano hata moja. Akikataa, mimi sina nguvu tena.

Nimetunga palepale, kama ninavyotunga saluni. Sijawahi kusimulia vizuri vile. Hakuna aliyepiga kelele.

Mama Roza kanipiga kofi. Halafu kambeba mtoto mgongoni na kushuka ngazi mbio. Asante Mungu. Wale wengine wakanitemea mate, nikakaa kimya, maana ningesema neno lolote la ukweli wangemrudisha.

Jumatatu, 11 Mei
Nimonia. Amewekewa hewa ya mashine, dawa zimeanza kushika. Yule mteja wa Sydenham kaniletea habari, kasimama mbali kama mtu anayeongea na mbwa mkali. Eti daktari kasema wangechelewa kidogo tu, basi.

Wote wanasema nilimfunga mimi, nikamfungua mimi. Mwenye saluni kaniambia nichukue vitana vyangu. Nimelia. Si kwa ajili ya kazi.

Jumamosi, 23 Mei
Nimehamia Bluff, ambako hawanijui. Chumba kidogo, kina dirisha. Kioo nimekigeuza ukutani.

Leo nilishuka mjini kununua nywele za kusukia. Nikamwona Roza ng'ambo ya barabara, anatembea mwenyewe, mashavu yamerudi. Akaniona, akanipungia. Mama yake akaushusha ule mkono polepole, akaushika. Akatazama chini. Wakaenda zao.

Nimenunua nywele, nimerudi. Nimechemsha chai. Nimekifungua tena kile kitabu, mistari ni ileile minne. Alikiri mwenyewe. Chama chenyewe hakikupatikana.

Nimemwuliza kwa sauti, humu chumbani peke yangu: Ansaldo, wewe ulikiri kwa ajili ya mtoto wa nani?