Kanda Niliyompa Faraji

Jumapili, Julai 1994. Kisauni.

Manyunyu tangu asubuhi. Nimekunywa chai ya tangawizi mara mbili.

Mchana nilikwenda Mjambere, kwenye banda la video, kutazama sinema ya binamu yangu Faraji. Ameitengeneza mwenyewe kwa kamera ya kuazima: wasichana watano wamefungiwa nyumbani, na mtu mwenye panga anawawinda mmoja mmoja. Sinema ya kutisha, eti. Nilikaa nyuma kabisa na buibui langu na sikutishika hata kidogo. Damu ilikuwa sharubati, na kamera ilishughulika zaidi na mapaja ya wasichana kuliko panga. Kila msichana alipopiga ukelele, wanaume walicheka. Nilitamani kutema mate.

Kisha, palepale kwenye skrini, nikamwona Rukia.

Rukia wa Bi Zainabu, jirani yetu hapa Junda, hajaigiza sinema yoyote maishani mwake. Alikuwa akicheza kwenye kupamba kwa dada yake, ile sherehe ya kumwonyesha bibi harusi, kichwa wazi, mikono ina hina hadi viwikoni. Ukumbi ule ulikuwa wa wanawake peke yao, na aliyepiga picha ni mimi. Ndiyo kazi yangu, na huitwa kwa sababu wanajua kanda zangu hazitazamwi na mwanamume. Bi Zainabu aliniambia siku ile, "Mwanangu, hii ni amana." Nikamjibu, "Wallahi, Bi Zainabu, haitatoka kwangu."

Mwezi uliopita Faraji aliiomba kanda hiyo, eti ajifunze namna ya kuweka taa. Nikampa. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo hii niliivaa mwenyewe.

Leo, ndani ya sinema yake, Rukia anacheza, halafu panga, halafu damu, kana kwamba ni yeye anayechinjwa. Mtu wa mbele akapiga mluzi. Mwenzake akauliza, "Huyo si binti wa kule Junda, yule aliyechumbiwa juzi?"

Nilimfuata Faraji nje, nikamuuliza kwa nini amemtia Rukia humo.

"Dada, ni sinema tu," akasema. Akaongeza kwamba nakala nyingine tayari ziko Likoni na Chaani.

Ananichukiza. Lakini nikijitazama, mimi ndiye mchafu zaidi. Yeye hakuapa.

Kesho mapema, kabla maneno hayajafika, nitabisha hodi kwa Bi Zainabu. Shikamoo nitaweza kuitoa. Neno la kufuata silijui.